Upepo Kwenye Breki

Guangzhou, Jumapili

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, ila na chakula cha huku bado hatujazoeana.

Jana ghalani, Huangpu, breki za ile pikipiki ya magurudumu manne niliyokuja kuinunulia zahanati yetu zilikuwa zinazama tu, hazishiki. Fundi wao alitoa upepo kwenye mafuta ya breki mara tatu, wapi! Laoban, mwenye ghala, akataka ipakiwe kwenye kontena hivyo hivyo. Nikagoma.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukiniita nikushikie breki, nami nimenuna: "Usiachie mpaka niseme!" Nikainua magurudumu ya mbele ili upepo upande juu, nikagongagonga mpira wa mafuta ya breki kwa spana, kama wewe. Mapovu yakatoka, breki ikakaza. Asante, Baba.

Mama anasema mkono wako wa kulia bado haujaamka tangu kiharusi. Nikirudi, spana nitashika mimi. Wewe utanishikia breki kwa huo wa kushoto. Usiachie mpaka niseme.

Mwanao,
Getrude