Damu Niliyoongezewa Unguja

Mpendae, Unguja

Kwako Mamangu mpenzi,

Nakuamkia, na mikono yako naibusu. Goti vipi? Nimesikia umeanza tena kuhudhuria harusi, nikajua basi limepoa. Mimi na mjukuu wako tuko salama sasa. Nasema "sasa" kwa sababu kwenye simu nilikwambia tu kwamba tumepata mtoto wa kike. Simu yako husikilizwa na nyumba nzima. Yaliyobaki nimempa mwalimu mwenzangu akuletee kwa karatasi, uyasome peke yako.

Unawakumbuka kaka zake mume wangu Makame: Ussi na Khatibu. Tangu uchaguzi hawana salamu baina yao, wana ubishi tu. Ussi yuko chama kinachotawala, Khatibu yuko upinzani, na mama mkwe kila Ijumaa huwapakulia sinia mbili. Ubishi mkubwa ni hospitali mpya ya serikali. Ussi husema watu wanatibiwa bure na jengo lina lifti. Khatibu husema vigae havitibu mtu, dawa unaambiwa ukanunue nje. Halafu wananigeukia mimi mgeni: kwenu Kenya vipi? Niliwaeleza habari ya kadi ya bima na foleni za kwetu. Ussi akasema, "Mmesikia?" Khatibu naye akasema, "Mmesikia?" Tangu siku hiyo nikiulizwa nnakwenda zangu jikoni.

Uchungu ulinishika asubuhi, Makame yuko kazini Bwejuu. Mama mkwe akanipeleka hospitali hiyo hiyo. Kitanda kilikuwepo, wakunga wapole, hakuna aliyetuomba kitu. Mtoto akaja vizuri, akalia. Kisha damu ikawa haikatiki. Nilisikia miguu inapoa, na sauti ya mama mkwe akisoma dua ikawa inakwenda mbali. Nilidhani ndio naondoka, Mama, na wewe huna habari. Nikaona mkunga anatundika mfuko wa damu, basi, mengine siyajui.

Huko nje daktari alikuwa ameomba ndugu waje kutoa damu. Ussi na Khatibu wakaja mbio wote wawili, wakalazwa vitanda vya jirani. Haya kanihadithia mama mkwe. Ussi, sindano mkononi, akasema, "Unaona? Vifaa vyote vipo."

Khatibu akamjibu, "Vingekuwepo vyote, wewe ungelazwa hapo?"

Muuguzi akawaambia, "Hapa mnatoa damu. Siasa mkatoe nje."

Walipokuja kunitazama, kila mmoja kwa wakati wake, Ussi aliniambia ni serikali iliyoniokoa. Khatibu akaniambia ni watu, akaniuliza asiye na ndugu angefanyaje. Wote wawili niliwaitikia, na wote niliwaamini. Nilikuwa nimelala kitanda safi bila ya kulipa, na dawa moja ya sindano Makame, alipofika kutoka Bwejuu, aliifuata duka la nje. Sasa mimi niseme nini?

Nikamuuliza muuguzi, damu iliyoingia mwilini mwangu ni ya shemeji yupi. Akacheka. "Si ya hata mmoja. Uliyotiwa wewe ilikuwemo kwenye friji, katoa mtu mwengine. Ya shemeji zako imewekwa, atatiwa atakayekuja."

Sijawaambia. Kila mmoja hunitazama kama aliyenirudishia roho yangu, na kweli walitoa. Nikisema, nitawavunja moyo. Nikinyamaza, nakaa katikati yao kama mtu anayeficha kitu. Makame naye kaniambia nifanye nitakavyo, hilo ndilo limenichanganya zaidi.

Mtoto nimempa jina lako, Mwanamisi. Hapo hawakubishana. Kila mmoja alisema ni jina zuri, ila mmoja alikuwa ukumbini, mwengine uani.

Nisalimie mjomba, mwambie asali yake imefika. Nisalimie wifi yangu mkubwa na watoto wake, na mdogo wangu wa mwisho, asome. Shangazi mpe pole ya macho.

Nimeanza kutoka. Juzi nilifika sokoni Darajani kununua binzari, nikajikuta nimesimama natazama nyuso za watu: muuza ndimu, mama mwenye baibui lililopauka, kijana anayebeba magunia. Pengine mwenye damu ile ni mmoja wao. Simjui jina, wala sijui alipiga kura wapi. Ukimaliza kuniombea mimi, Mama, muombee na yeye.

Mwanao,
Rukia