Bibi Aliazima Mtoto Mnene Apimwe Badala ya Wetu

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, na uniwie radhi barua ikiwa ndefu, kwa sababu kuongea na watu siwezi ila kwenye karatasi. Mimi ni msichana wa sekondari hapa mjini Mokpo, naishi na bibi, dada yangu Bo-reum na binti yake mchanga, Dan-bi, ambaye hana baba wa kumtaja na ni mwembamba kama kijiti cha kulia wali, na kituo cha afya kiliposema kitatuma muuguzi wa kututembelea nyumbani bibi aliingiwa na hofu, akasema, "Wakiona vimiguu hivi watasema kwangu kuna njaa, watamchukua," basi akampeleka Dan-bi kwa jirani, mama Tae-san, akarudi na mwanawe Tae-san, mchanga pia ila wa kiume na mwenye mashavu kama mikate ya mvuke, akapimwa yeye.

"Tumvue nepi," muuguzi akasema.

"Havuliwi, muuguzi," bibi akajibu. "Ana haya kama mama yake mdogo."

Mama mdogo ndiye mimi, nikatazama sakafu, na papo hapo Dan-bi akalia ng'ambo ya ukuta, maziwa ya dada yakalowesha blauzi huku "binti yake" akikoroma kwenye mizani, bibi akasema ni supu ya mwani imemwagika. Kisha muuguzi akamuuliza dada, "Na wewe je, unalala?" na dada, ambaye tangu ajifungue alikuwa hasemi na mtu, akaongea naye mpaka supu yenyewe ikapoa, na jioni akachana nywele. Sasa muuguzi anasema mtoto amenawiri, Alhamisi ijayo ndiyo mara ya mwisho, nafasi ipewe familia yenye shida, na Dan-bi ananyonya kidogo tu analala, dada ameanza tena kuutazama ukuta, nami nikisema ukweli bibi ataaibika mtaa mzima. Ninyamaze?

Mama Mdogo Mwenye Haya

Mama Mdogo,

Nilicheka mpaka nilipofika pale Dan-bi ananyonya kidogo. Hilo halingoji Alhamisi. Ukimaliza kusoma hapa, mpe dada simu apige kituo cha afya, aseme mtoto hanyonyi vizuri na yeye mwenyewe hana raha. Akishindwa, piga wewe. Ukiona haya, wasomee barua yako kama ilivyo, umeiandika vizuri.

Bibi usimwite mwongo, alimpenda mjukuu wake kwa njia mbovu. Mwambie tu, "Bibi, nafasi ya Dan-bi tumempa Tae-san." Ataamka hapo hapo, maana sijaona bibi anayekubali mtoto wa jirani ale fungu la mjukuu wake. Muuguzi hakubeba mizani mpaka kwenu ili akute mtoto mnene. Mnene atamfanyia nini? Amekuja kwa ajili ya vile vimiguu, na kwa ajili ya dada yako.

Basi akija, Dan-bi apimwe bila nguo, na dada akae na muuguzi peke yao, bibi awe jikoni. Tae-san abaki kwao. Kazi amefanya ya kutosha, na kilo zile ni jasho la mama yake.