Sakafu Iliyonyooka Mno

Jumanne, 14 Juni 1938

Fundi Mbaraka hakunicheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Siku tatu nimepiga magoti na pimamaji, nikisawazisha sakafu kwa saruji ili bafu jipya la chuma lisiyumbe. Ni la mama. Tangu avunjike nyonga hawezi kuchutama kuoga kwa kata.

Leo likatulia. Mke wangu akalijaribu kwa ndoo mbili, akachomoa kizibo. Maji yakatanda bafuni kote, yakasita, kisha yakaelekea chumbani kwetu.

Nikamfuata fundi. Akatazama, akasema taratibu, "Bwana Salehe, sakafu ya zamani haikuwa mbovu. Iliinamishwa kusudi, maji yafuate tundu la nje."

Basi ibomolewe. Lakini niliporudi na fundi na vifaa vyake, mke wangu alikuwa amekwisha kujaza maji ya moto na kumwingiza mama, pazia limeshushwa.

"Mama, fundi anataka kubomoa."

"Abomoe kesho. Mimi leo sitoki."

Chumba chetu kitalowa tena, najua. Ila tangu aanguke, ndiyo mara ya kwanza namsikia mama akikataa jambo huku anacheka.