Jina la Rodell Ukumbini

Verlene dada yangu, usinipigie simu. Soma tu, kwa maana nikianza kusema nitalia.

Natoka chuoni sasa hivi, kwenye sherehe ya Mwezi wa Historia ya Watu Weusi. Desturi unaijua: kabla ya ngoma na chakula, Profesa Gaines humwaga maji kwenye chungu cha maua, kila mmoja humtaja marehemu wake, na ukumbi mzima huitika, "Ashe!" yaani, na iwe hivyo.

Mimi nilimtaja mama. Kisha akasimama mjukuu wangu Tavaris, amevaa suti niliyompigia pasi mwenyewe, akasema kwa sauti kavu: "Baba yangu, Rodell Pettway."

Rodell, Verlene! Mwanangu aliye hai, aliyemo gerezani!

Ukumbi ukaitika, "Ashe!" Nami nikaitika. Kinywa kilitangulia akili. Nilimwitikia mwanangu mwenyewe miongoni mwa wafu.

Nilimfuata Tavaris mlangoni. "Umefanya nini, wewe mtoto?"

"Nana, amefungwa maisha. Harudi. Sasa tofauti yake na waliozikwa ni nini?"

"Tofauti ni kwamba anapumua!"

"Basi mngoje wewe, Nana. Mimi nimechoka."

Hakulisema kwa ufidhuli. Alikuwa akilia.

Kesho ni Jumapili, Verlene, na Rodell atapiga simu. Aliniomba nisikilize kwa makini, nije nimweleze kila neno atakalolisema kijana wake ukumbini.