Magunia Uliyoyapanga Dirishani

Kaka,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kuuliza hali ya mwenzako na kumweleza kwamba sisi huku hatujambo. Leo nairuka sehemu hiyo. Hali yako nimeisoma kwenye barua yako, na yangu hujaiuliza kwa miaka saba. Unasema unatetemeka mchana kutwa, blanketi mbili hazikutoshi, na sakafu ya saruji ya nyumba yako ya Rwamishenye inapandisha baridi mpaka kwenye mifupa. Unaniomba nije kukuuguza. Tena unaniomba nikija nibebe lile jiko la maganda ya kahawa, kwa kuwa huko mjini hakuna anayejua kulishindilia kama mimi.

Nimekaa na barua hiyo siku nne. Ya kwanza nilicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Ya pili nilitaka kuitia motoni. Sasa nakujibu, na nakwambia mapema ninachotaka ili usije ukasema nimekuzungusha. Kabla sijapanda basi, nataka ukweli usemwe juu ya aliyeziba dirisha la chumba alichofia dada yetu. Usemwe kwa mtoto wake.

Unakumbuka jiko lile lilivyoingia nyumbani? Vita vilikuwa vimeisha juzijuzi. Kijiji chetu cha Ijumbi kilikuwa kimejaa watu waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto Kagera. Kwetu peke yake zililala familia tatu, juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, mguu wa huyu kichwani kwa yule. Kuni zikaisha. Mikaratusi ya baba ilikatwa mpaka vikabaki visiki, na mama akaanza kupikia majani makavu ya migomba. Ndipo wewe ukarudi kutoka Uganda na mabuti ya jeshi, unatembea katikati ya barabara kama mtu aliyevishinda vita peke yake. Wengine walirudi na redio na magodoro. Wewe ulikuja na kopo kubwa la chuma la kijani lililokuwa la mafuta ya gari, tukakuona umechanganyikiwa. Ukalipeleka Bukoba kwa fundi bati, akalikata mdomo na kulitoboa tundu ubavuni, chini.

Ulinifundisha mwenyewe. Unasimamisha chupa katikati ya kopo, unamimina maganda makavu kuizunguka, unashindilia kwa mchi mpaka yashikane, halafu unaichomoa chupa polepole huku ukiizungusha. Linabaki shimo. Unaingiza kijinga cha moto kwenye tundu la chini, moto unapanda shimoni, na jiko linawaka nusu siku bila kuongezwa kitu. Mara ya kwanza niliichomoa chupa kwa pupa na maganda yote yakaporomoka. Adventina alicheka mpaka akakaa chini. Wewe wa kwanza, yeye wa pili, mimi kitinda mimba, tulikuwa tumelizunguka kopo la jeshi kama watu walionunua gari.

Siku zile nilikupenda, kaka. Sitaki kudanganya ili hasira yangu ionekane safi. Ulipata kazi ya kuendesha lori la kahawa kutoka Muleba kwenda kiwanda cha kukoboa mjini, na kila ukirudi lilikuwa na magunia ya maganda. Majirani walikuja kutazama moto usio na moshi, nawe ukawaeleza kwa sauti ya mwalimu mkuu. Baba na mama walipofariki nyumba ilibaki yenye joto. Niliona fahari kuitwa mdogo wako.

Kisha Adventina akarudi kutoka kwa mumewe. Mume alikuwa amekwishazikwa, naye mwenyewe alikuwa amebaki mifupa na macho, na mgongoni kwangu nikampokea Kemilembe, bado mtoto wa miaka minne. Ukoo wa baba yake ulimkataa kwa woga. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la vitambaa vile vilivyovuka mpaka kutoka Uganda, na wengine waliamini kweli kwamba umekuja na vitambaa. Adventina alikuwa na gauni la kitambaa hicho. Wewe ndiye uliyemletea, ukaja kulichoma nyuma ya nyumba bila kumwambia. Aliliulizia wiki nzima.

Unajua desturi yetu. Mgonjwa hafichwi. Watu wanaingia, wanakaa kwenye nyasi karibu na kitanda, wanatafuna kahawa, wanasema habari za shamba, na mgonjwa anasikia kwamba bado ni mtu. Wewe uliwazuia uani. Leo amelala, kesho amepelekwa hospitali, keshokutwa daktari amekataza. Wanawake aliosali nao kanisani walirudi na vikapu vyao vya ndizi mara tatu, na mara ya nne hawakuja. Mimi nilikuwa nawasikia nikiwa ndani, nimemshikia bakuli la uji. Yeye pia alikuwa anawasikia.

Mvua za masika zilipoanza, paa la banda la kupikia likavuja na maganda yakalowa. Maganda mabichi hayawaki, yanatoa mvuke tu, na Adventina alikuwa anatetemeka meno yakigongana. Ukaingiza magunia ndani. Nyumba ilikuwa na sebule na chumba changu, lakini wewe uliyabeba moja moja mpaka chumbani kwake na kuyapanga dirishani, tisa, kutoka sakafuni mpaka juu ya fremu. Nilikuuliza kwa nini hapo. Ukasema yatakaa makavu, na watu watakoma kuchungulia. Ukaliingiza na jiko, ukaniamuru niwe nafunga mlango kila nikitoka ili joto lisipotee.

Nilitii. Hilo ni langu, silikwepi. Nilikuwa nalishindilia jiko asubuhi, naliwasha, nafunga mlango. Baada ya siku chache nikaanza kuumwa kichwa kila nikikaa mle ndani, nikitoka nje kinapoa. Nikakwambia. Ukasema ni uchovu wa kuuguza. Mimi nilikuwa na miguu ya kunitoa nje kwenda kupumua. Yeye hakuwa nayo. Kuna siku alikuomba mwenyewe, nami nimesimama mlangoni. Alisema, "Kaka, waitu, nakusihi, toa hata gunia moja nione migomba." Ukamwambia avumilie mvua zipite.

Hazikupita. Ilikuwa saa nane mchana, mvua inapiga bati, nimempeleka Kemilembe chooni na kumnawisha miguu. Niliporudi na uji nikamkuta dada yetu amelala kwa upande, uso umetulia, mashavu mekundu kama ya mtu mzima wa afya. Nikafikiri amepata usingizi mzuri. Chini ya kitanda nilikuwa nimeweka vifaranga sita kwenye tenga ili wapate joto. Nilipoinama kuwatazama wote walikuwa wamekufa, wamelaliana. Vifaranga hawakuwa na ugonjwa wa mtu yeyote. Hapo ndipo nilipomgusa Adventina.

Ulifika jioni na lori. Nilikuonyesha tenga. Ulilichukua, ukaenda kuwatupa vifaranga kwenye shimo la taka kabla majirani hawajaja, na magunia ukayarudisha sebuleni. Lakini wanawake waliokuja kumwosha walikuwa na macho. Waliona alama za magunia kwenye ukuta wa dirishani na mavumbi ya maganda kwenye fremu, na mmoja wao, aliyewahi kufanya kazi zahanati, akasema wazi kwamba jiko la namna ile katika chumba kilichofungwa linaua bila moshi. Msiba mzima ukaanza kunong'ona. Wewe uliendelea kupokea rambirambi, nami nikadhani unatafuta maneno ya kuungama.

Siku ya kuanua matanga ukayapata. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa, mchungaji yupo, mimi nipo nyuma na wanawake, Kemilembe amelala mapajani mwangu. Ukasimama na koti lako jeusi ukasema, "Jiko nilimwachia huyu mdogo wetu. Nilimkanya asizibe dirisha. Ni mtoto wa kike, hakuelewa, tumsamehe." Ulisema kwa upole, kaka, na upole huo ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. Ungenifokea, labda mtu mmoja angenitetea.

Mbele ya wazee mwanamke hainuki tu akasema. Nilimlaza mtoto, nikasogea mbele, nikapiga magoti nikingoja nipewe nafasi. Uliniona. Macho yetu yalikutana. Ungetikisa kichwa tu, mzee wa ukoo angeniita jina langu. Badala yake ukamwomba mchungaji afunge kwa sala. Nikabaki nimepiga magoti kwenye nyasi, watu wote wamefumba macho, na mpaka leo nikisikia sala ile naondoka kanisani. Baada ya amina ikatangazwa kwamba mtoto hawezi kuachwa mikononi mwa mtu asiye makini, ataishi na mjomba wake Bukoba. Kesho yake ukampandisha kwenye lori. Alikuwa amening'ang'ania shingoni, nawe ukamvua kidole kimoja kimoja.

Nilikuja Rwamishenye mara mbili kumwona. Mara ya kwanza alinikimbilia. Mara ya pili, mwaka uliofuata, alisimama nyuma ya mke wako akanitazama kama anavyotazamwa mbwa asiyejulikana. Nikajua umeshamwambia. Nilishuka Muleba kwenye basi la kurudi, nikatembea mpaka Ijumbi nikiwa na gauni lake jipya kwenye mfuko, kwa kuwa alikataa kulipokea.

Mkeo ametangulia, nawe sasa una ugonjwa uleule uliouzibia dirisha. Wanaokuja kukuona wanakaa wapi? Au na wewe umelala? Samahani. Hapana, siombi samahani. Nilitaka swali hilo likuume, na natumaini limekuuma.

Unasema macho nayo yameacha kuona, kwa hiyo barua yako uliisema kwa mdomo na Kemilembe akaiandika. Anaandika vizuri. Yuko darasa la sita, herufi zake zimenyooka, hajakosea mahali. Lakini hukujua kwamba chini kabisa, baada ya jina lako, ameongeza mstari wake mwenyewe kwa herufi ndogo. Ameandika, "Mama mdogo, njoo umsaidie mjomba, ila nakuomba usizibe dirisha."

Ndio niliokaa nao siku nne. Siyo baridi yako wala jiko lako. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anamwogopa mwanamke mmoja tu duniani aliyebaki kumwita mwanangu, lakini anamwita hivyohivyo aje kwa sababu anakuhurumia wewe. Amekuwa mtu mwema nyumbani mwako, hilo sikunyimi. Ulimlisha, ukamsomesha, hukumpiga. Lakini ukifa atabaki na mimi, na hatalala nyumba moja na muuaji wa mama yake. Atakwenda kuwa yaya wa watu mjini kuliko kuja Ijumbi. Unaelewa unachotaka kumwachia? Mimi natetea kitu kimoja tu hapa, naye ndiye huyo.

Nitakuja. Sikuachi utetemeke, maana sijajifunza kwako. Jiko lenyewe lipo, nalipikia uani, lakini silibebi. Nitaleta blanketi nzito ya mama, nami nitakupashia maji nje na kukuwekea chupa za moto miguuni kila saa. Utakandwa mgongo, utakunywa uji, watu wataingia na kukaa karibu nawe, na dirisha litakuwa wazi hata kukiwa na mvua. Sitakutukana mbele ya wageni. Nikiwa peke yangu nawe sikuahidi.

Basi kutoka Muleba nalipanda Jumamosi. Barua hii nimempa mwalimu anayekuja huko Alhamisi, na huwezi kuisoma mwenyewe. Kwa hiyo sauti unayoisikia sasa siyo yangu. Nimeiandika kwa maneno anayoyaweza, sikutumia Kihaya kigumu wala mafumbo, ili asikwame popote. Najua kuna mahali amesimama kidogo. Najua pengine ulimwambia aruke, na kama namjua binti wa Adventina, hakuruka.

Sasa ataiweka chini na kukuuliza kama ni kweli. Mjibu, kaka.

Mimi mdogo wako,
aliyefunga mlango