Mlangilangi wangu wa Ibra

Jumamosi, baada ya magharibi

Si nilisema utatoa maua! Miaka mitatu dada yangu Zuwena, aliyeko Unguja, ananambia mlangilangi haustawi huko Ibra, Omani, utakufa na jua. Leo asubuhi umetoa ua moja la manjano. Nimelipiga picha mwenyewe, picha safi kuliko za vijana, nikamrushia.

Akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Seif, picha hiyo umeitoa kwenye simu za watu. Muongo weye tangu utotoni!"

Nilighadhibika. Nikavua ndara, nikalivuta tawi taratibu mpaka ua likalala juu ya mguu wangu wa kushoto, penye kidole kilichopinda tangu nilipoanguka mkarafuuni. Zuwena ndiye aliyenibeba siku ile. Mke wangu akapiga kelele: "Mzee, utaanguka tena!" Sikuanguka. Nikapiga picha, nikamrushia tena.

Ua lenyewe ni hilo hilo moja, na joto linakuja. Naogopa, lakini hayo simwambii.

Jibu limeingia sasa hivi, anacheka mpaka anakohoa: "Kidole nakijua. Haya, mdogo wangu, nimekubali. Lakini kakate kucha!"

Kucha nitakata kesho. Hapo aliposema amekubali nimeparudia mara nne.