Benchi la Nyuma

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Unaendeleaje, na kifua kimetulia? Mdogo wangu Mageni anakuchotea maji au amerudi kushinda kwenye meza ya puli? Mimi mwili mzima, ila moyo umechafuka. Ningepiga simu lakini najijua, ningelia, halafu ungepanda bodaboda uje huku machimboni leo leo.

Kanisa letu la turubai linajaa. Ibada nzima nimejifunza mwenyewe, hata zile sala ndefu. Na Jumapili hii ndiyo nije hapo Masumbwe, Mchungaji Sostenes anivalishe kanzu ya uinjilisti. Najua umeshawatangazia majirani wote.

Sasa sikia. Jana Bartholomeo, bosi wa duara, mwenye mashimo haya ya dhahabu, alikuwa anafungua shimo jipya. Wakamleta mganga, akachinja kondoo mdomoni mwa shimo, damu ikatiririka chini. Mimi nikawakataza vijana wangu wa kwaya wasisogee, nikajigamba kwamba Mchungaji akisikia atawatenga wote. Wakacheka. Eufrasia, anayetupikia, akaniambia nipunguze mdomo, nigeuke nitazame nyuma.

Alikuwa Mchungaji mwenyewe, mayu. Kanzu nyeupe, stola shingoni, anasubiri zamu yake. Mganga alipomaliza, na yeye akaliombea shimo lilelile, damu haijakauka. Kisha akaketi, akapewa ini la yule kondoo.

Nilimfuata nikamuuliza habari zako. Maana ni yeye aliyelitaja jina lako mbele ya watu, akakutenga na Meza ya Bwana, kwa mbuzi uliyemchinja kwenye kaburi la babu nilipokuwa naumwa mimi. Hata hakukasirika. Alinishika bega kama baba.

"Mwanangu, hawa wasiponiona hapa watahamia makanisa mengine. Mama yako haendi popote."

Na mimi nilimpenda yule mzee, mayu, hata kukohoa nilikuwa nakohoa kama yeye.

Kanzu uliyonishoneshea iache sandukuni. Jumapili nitakuja, ila sitapita mbele. Atakaponiita, usihangaike kunitafuta kwa macho. Lile benchi la nyuma mnalokalia mliotengwa, sogea kidogo, niwekee nafasi.

Msalimie Mageni, na mama Justa mwambie maharage yake yalinifikia. Kunywa dawa.

Ni mimi, mwanao wa yule mbuzi,
Nkwabi